Hiyo haihesabiki, kaka

Kijana wa bodaboda alifungwa manne kwa bila, akaweka padi mezani, akasimama aondoke. Sheria ya banda langu la gemu ni moja tangu siku ya kwanza: anayefungwa ndiye anayelipa. Nikamnyooshea kiganja. Akanitazama kama namdai deni la mtu mwingine.

"Hiyo haihesabiki, kaka," akasema. "Humo ndani Messi bado yuko Barcelona."

Ilikuwa Septemba 2021. Messi alikuwa ameshavaa jezi ya PSG, Ronaldo karudi Manchester United, na mtaa mzima ulijua isipokuwa PS3 yangu, yaani mashine ya gemu ya PlayStation 3. Ile shilingi 300 niliisamehe. Usiku, nikifunga kufuli, ndipo nilipokubali jambo ambalo daftari langu lilikuwa likinieleza tangu mwaka uliotangulia: PS3 imekwisha. Haikuwa mbovu. Inawaka, inasoma diski, picha safi. Imekwisha tu.

Nina zaidi ya miaka 15 kwenye biashara ya banda la gemu hapa Tandika. Ukiacha umeme na padi zinazopigwa chini kwa hasira, hakuna kitu kilichonila hela kama kutojua mashine moja inaisha lini na nyingine inaanza lini. Nimeshakosea kwa kuwahi, nikakosea tena kwa kuchelewa. Vijana wanaotaka kufungua banda huja kuniuliza swali lile lile, "Anko, ninunue PS ipi?" Huwa nawaomba wakae kwanza, maana jibu lake ni refu.

Nilianza 2009 na PS2 mbili na TV mbili za chogo, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi. Mechi moja shilingi 200. Sikujua kwamba PS2 ilitoka Japani Machi 2000, wala kwamba PS3 ilikuwa madukani huko nje tangu Novemba 2006. Kwa wanaohesabu vizazi vya mashine hizi, mimi nilikuwa nafungua biashara kwenye kizazi cha sita wakati wenzetu wako katikati ya kizazi cha saba. Hapa mtaani haikuwa hata na namba. Ilikuwa "PS", basi.

Gemu lilikuwa PES 6, la mpira. Aliyepita hapo anakumbuka: Liverpool humo iliandikwa Merseyside Red, na hakuna mtoto aliyejali, alisema "nipe Liva" na mkono ulijua pa kwenda. Anakumbuka pia Adriano wa Inter. Yule jamaa alikuwa akipata nafasi ya kugeuka mita 30 kutoka golini, kipa unamwonea huruma tu. Wiki ya tatu niliandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, nikabandika ukutani: INTER MARUFUKU. Chini yake ikafuata sheria nyingine, ya umeme. Ukikatika kabla ya dakika ya 70, mechi inarudiwa bure. Ukikatika baada ya hapo, matokeo yaliyopo ndiyo hayo hayo. Sheria hiyo ilizaliwa baada ya vijana wawili kutaka kushikana mashati gizani, mmoja akidai alikuwa anaongoza mawili, mwingine akidai alikuwa anakaribia kurudisha.

Nazitaja sheria hizo kwa sababu banda la gemu ni kama baraza. Mtu halipi ili atazame picha nzuri. Analipa ili amfunge mwenzake mbele ya watu, na kesho asubuhi watu wawe bado wanakumbuka. Hili nililijua kwa mdomo tangu mwanzo, ila kulielewa kulinigharimu.

Mwaka 2011 nilipata hela kidogo ya mchezo wa upatu, nikaenda Kariakoo. Dukani kulikuwa na PS3 imewashwa kwenye flati kubwa. Jasho linaonekana usoni mwa wachezaji, majani ya uwanja yanaonekana moja moja. Nikajiambia PS2 imekufa, atakayewahi ndiye atakayekula. Nikanunua PS3 mbili za mtumba na flati mbili. Ili kujazia hela nikaziuza PS2 zangu, TV za chogo na diski zote kasoro moja kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa anafikiria kufungua genge la mboga.

Wiki ya kwanza banda lilijaa mpaka mlangoni. Shangazi akaja kuchungulia akidhani kuna msiba. Lakini walikuwa watazamaji. Walikuja, wakasema "dah, picha kali", wakasimama nusu saa mikono nyuma, halafu wakavuka barabara kwenda kucheza kwa jirani. Nilidhani tatizo ni bei, kwa kuwa nilikuwa nimepandisha mechi hadi 500. Nikashusha hadi 300. Wakaendelea kuvuka.

Ilinichukua miezi miwili kuelewa. Wababe wote wa mtaa walikuwa kule. Kulikuwa na konda mmoja wa daladala, mtu mzima, hakuna aliyemfunga PES kuanzia kwetu hadi Temeke sokoni, au ndivyo alivyotangaza. Vidole vyake vilijua PS2 kama ulimi unavyojua meno. Nilipomkalisha kwenye PS3 alikuta mpira una uzito mwingine, pasi zinataka nguvu nyingine, na mtoto wa darasa la sita aliyekuwa hajazoea kitu chochote akamfunga mawili. Konda akacheka, akalipa, akavuka barabara, hakurudi. Yule mtoto akajitapa wiki nzima kwamba amemfunga konda, na jibu alilopewa kila kona ni moja: "Umemfunga kwenye PS ipi? Hiyo haihesabiki."

Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia neno hilo, na sikulitilia maanani. Mashine mpya nilikuwa nayo, mkononi na kwenye deni. Ila ushindi wa maana ulikuwa unapatikana ng'ambo ya barabara.

Mwezi wa nne tangu nizinunue, PS3 moja ikazima katikati ya mechi, haikuwaka tena. Silaumu mashine. Ilikuwa mtumba, nimeiweka chini ya bati mwezi wa pili Dar es Salaam, vumbi la barabara linaingia moja kwa moja, feni inalia kama pikipiki. Nikaenda kwa jirani kumwomba aniuzie PS2 moja. Akaniuzia. Kwa elfu 40 zaidi ya bei niliyomuuzia mimi. Alizipokea noti akizihesabu polepole, moja moja, akizinyoosha kona.

Baadaye nilisoma kwamba huko kiwandani nako hawakuwa wameiacha. PS2 iliendelea kutengenezwa hadi mwisho wa 2012, miaka 12 na zaidi, zikauzwa zaidi ya milioni 150. Na bado haikuishia hapo. Gemu la mpira la FIFA 14 lilipotoka mwaka 2013, ilitoka kwa PS2, ikatoka kwa PS3, na ikatoka kwa PS4 iliyokuwa inaingia madukani Marekani tarehe 15 Novemba mwaka huo huo. Mpira mmoja, mashine za vizazi vitatu, msimu mmoja. Sasa wewe mwenye banda Tandika unaambiwa uamue nani kafa.

Kwetu PS2 iliishi hata baada ya gemu mpya kukoma, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni diski za kuchoma. Van Persie alipohamia Manchester United Agosti 2012, haukupita muda mrefu diski ya PS2 ikawa Kariakoo, shilingi 2,000, van Persie ndani akiwa na jezi nyekundu. Kuna watu, sijui wanalala saa ngapi, ambao kila msimu hulifungua lile gemu la zamani, wakabadilisha usajili, wakabadilisha jezi, wakalifunga tena. Sisemi ni halali. Nasema ndivyo ilivyokuwa, na kila banda nililoingia miaka ile lilikuwa hivyo.

Ya pili ni fundi. Ugonjwa mkubwa wa PS2 ni lenzi: inachoka, inaanza kuchagua diski, mwisho haisomi kitu. Fundi wangu alikuwa na ndoo ya lenzi alizong'oa kwenye mashine zilizokufa, anazifuta kwa pamba na spiriti, anakaza skrubu ndogo ya pembeni kwa bisibisi ya saa, anasikiliza. Kweli, anasikiliza, sikio karibu na mfuniko, kama daktari. Lenzi nzuri ina mlio wake. Zilipoanza kuadimika nikajua safari imefika. Siku moja akaja na memori kadi iliyowekewa programu: unaichomeka, mashine inawaka na kusoma gemu moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Lenzi haihitajiki tena. "Hii sasa," akaniambia, "itazimwa na panya tu, akila waya."

Kwa hiyo ukiniuliza kama mashine inaisha siku kiwanda kinapoacha kuitengeneza, nitakwambia hapana. Na siku vipuri vinapokwisha? Nayo siyo hiyo, nimeiona ikivukwa.

PS3 ilikuja kushika kweli mwaka 2014, na haikuletwa na mimi. Yule konda ndiye aliyeileta. Aliingia jioni moja, akavua kofia, akauliza kama PS3 yangu iliyobaki inafanya kazi. Kumbe alikuwa anajifunza kwa shemeji yake kimyakimya, hataki kuaibika tena. Alicheza siku tatu peke yake, akilipia pande zote mbili. Siku ya nne akamwita yule mtoto, ambaye sasa alikuwa sekondari, akamfunga mitatu, na wote tuliokuwepo tukaona kwamba hiyo imehesabika. Mwezi haukuisha, foleni ikahama. Nikaongeza PS3 ya pili, ya tatu. Jirani akarudi kwenye wazo lake la genge, na mpaka leo nanunua nyanya kwake.

PS2 moja sikuiuza. Niliiweka kwenye kona karibu na mlango, na TV ya chogo, kwa ajili ya watoto wadogo. Mechi shilingi 100.

Tatizo la PS3 lilianza taratibu. Mwaka 2018 nilinunua PS4 ya kwanza. Septemba mwaka huo ikatoka FIFA 19, nayo ikawa ya mwisho kwa PS3. Hata hizo za mwishomwisho zilikuwa ni jezi mpya na majina mapya juu ya gemu lile lile la nyuma, lakini majina nayo ni kitu. Baada ya hapo, kimya. Za kwangu nilikuwa sijazifungua kwa fundi, kwa hiyo hakuna diski ya kuchoma iliyoingia. Usajili uliganda mwaka 2018.

Daftari langu nimelichora mistari, kila mashine na safu yake, kila mechi nagonga kijiti. Mwaka 2019 PS3 ya kati ilikuwa na vijiti 30 hadi 40 kwa siku. 2020, chini ya 20. Katikati ya 2021 kuna siku zina vijiti sita, na vinne kati ya hivyo ni vya watu waliochoka kusubiri PS4. Nilikuwa naviona. Nikawa najiambia ni corona, ni shule zimefunguliwa, ni mvua. Nilizipenda zile mashine kwa sababu ziliniumiza kuzipata, na mtu hakiachi kirahisi kitu alichokilipia mara mbili. Kuchelewa huko kulinitia hasara ya miezi kama 15 ya nafasi mbili za ukutani zilizokuwa zinakula umeme wa LUKU bila kurudisha.

Sasa sikiliza kinachonichekesha hadi leo. Wiki ile ile kijana wa bodaboda alipokataa kulipa kwa sababu ya Messi, kwenye kona ya mlangoni mtoto wa miaka tisa alikuwa anacheza na Messi wa PSG. Kwenye PS2. Diski mpya ya kuchoma ilikuwa imeshaingia. Mashine iliyozaliwa mwaka 2000 ilikuwa na habari za mwezi uliopita, na ya 2006 ilikuwa imelala na za miaka mitatu nyuma. Mimi kizazi cha saba nimekizika kabla ya cha sita. Sijui wataalamu wa kuhesabu vizazi wana safu gani ya kuliandika hilo.

Niliziuza PS3 zote mwezi uliofuata, kwa mtu wa Mkuranga aliyesema kwao bado zinachezwa. Sikumbishia. Huenda kwao zilikuwa zinahesabika.

Siku hizi swali ni PS4 na PS5, na hapa ndipo mpwa wangu anaponisumbua. Yeye ana simu nzuri, anafuatilia kila kitu, ananiambia PS5 ilitoka Novemba 2020, kizazi kipya kimeanza, mjomba unalala. Namjibu kwa mambo mawili.

Kwanza bei. PS2 ilianza Marekani kwa dola 299, na kufikia 2009 ilikuwa dola 99. Ndiyo maana ilishuka hadi kwetu: ilikuwa inaporomoka kila baada ya muda na sisi tuko chini tunaisubiri na ndoo. PS5 yenye sehemu ya diski ilianza kwa dola 499, na Agosti 2025 huko huko Marekani ikapandishwa hadi 549. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuona mashine inazeeka huku bei inapanda. Mtumba nao unafuata mpya, kwa hiyo ule mteremko uliotulisha sisi wa mabanda haupo.

La pili, PS4 haijanyimwa gemu. Mpira wa msimu wa 2025/26, FC 26, ambayo ndiyo FIFA ile ile kwa jina jipya, ulitoka na kwa PS4 pia, mashine iliyokuwa inakaribia miaka 12. Mwaka 2024 Sony wenyewe, wanaozitengeneza, walionesha kwamba karibu nusu ya watu walioingia kwenye mtandao wao kila mwezi walikuwa bado wanatumia PS4. Halafu kuhama kwenyewe hakuna mshtuko kama ule wa 2011. PS5 inasoma diski za PS4, kwa hiyo ni kama kuhama chumba ndani ya nyumba moja. Kuna gemu la GTA V, ilitoka 2013 kwa PS3, ikaja PS4 mwaka uliofuata, ikaja PS5 mwaka 2022. Mtoto aliyeianza akiwa darasa la saba, sasa ana mtoto. Mpaka wa kizazi uko wapi hapo?

Mpwa hakuridhika. Basi mwaka jana nikaazima PS5 kwa rafiki yake, nikaiweka wikiendi moja katikati ya PS4 mbili, bei ile ile. Nikakaa na daftari. Ijumaa, watazamaji tele, mikono nyuma. Moyo ukanidunda, nikakumbuka 2011. Jumamosi vijana wawili wanaojua sana walikaa pale saa tatu, wakaanza kubishana kuhusu namna beki anavyogeuka, kwamba huku anageuka kama mtu na kule anageuka kama kabati. Ni kweli, siyo gemu moja hata kama jina ni moja. Lakini Jumapili jioni walipotaka kumaliza ubishi wao wa mwezi mzima, nani baba wa nani, walikwenda kukaa wapi? PS4 ya kushoto, ile yenye padi iliyofungwa gundi ya karatasi. Mmoja akasema, "Twende kule tulikozoea, asije mtu akasingizia mashine."

Nikamrudishia mwenyewe PS5 yake Jumatatu asubuhi. Hela nimeanza kuiweka, siyo kwamba sitanunua. Nasubiri tu kumsikia mmoja wao akifungwa kwenye PS4, akaweka padi mezani na kusema lile neno.

Yule wa bodaboda bado ni mteja. Ana pikipiki yake sasa, na mtoto wa kiume wa miaka saba. Jumamosi iliyopita walikuja wote wawili wakati wa mvua, PS4 zimejaa, mtoto akakimbilia kona ya mlangoni, kwenye chogo. Baba akakaa naye kumridhisha. Dakika ya 80 alikuwa nyuma mawili kwa moja, na mtoto anambana kona bila huruma. Filimbi ikalia. Nikasogea na kiganja changu, nikitaka tu kuona atasema nini.

Akatoa mia mbili. "Ya hii, na ya marudiano," akasema. Halafu akanivuta shati, akashusha sauti mtoto asisikie.

"Kaka, ile diski ya zamani unayo? Ya Adriano?"

Ninayo. Ndiyo ile moja niliyoificha 2011. Nikamwonesha kipande cha boksi ukutani, kimekuwa cha kahawia kwa moshi na miaka, lakini maandishi bado yanasomeka.